NCHI IKITETEMEKA, TUSEME NINI?

Somo la mwezi huu



Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, wakati wa alasiri, nchi ilitetemeka mkoani Kagera. Katika Bukoba na vijiji vya karibu nyumba nyingi zilianguka au kupasuka, na watu zaidi ya 15 walikufa. Yanapotokea mambo kama haya, maneno ya namna mbili husikika kati yetu Wakristo. Wengine husema, "Ni adhabu, watu wale wamemkosea Mungu." Wengine husema, "Ni mapenzi ya Mungu, sisi hatuna la kufanya." Basi tumeona vema tujifunze kwanza jinsi nchi inavyotetemeka, kisha tuyapime maneno hayo.

Ganda la dunia

Dunia ina ganda la mawe magumu. Ganda hilo si kitu kimoja, bali limegawanyika vipande vikubwa sana viitwavyo mabamba. Chini ya mabamba mna mawe yenye joto kali. Hayo si maji, lakini kwa wingi wa joto yamelegea, nayo husogea polepole mno, kama nta iliyowekwa juani. Kwa hiyo mabamba yaliyo juu hayatulii. Kila mwaka husogea milimita au sentimita chache tu. Ni kidogo, lakini yamefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Mabamba husogea kwa njia tatu. Kwanza, hugongana. Bamba la Bara Hindi linalisukuma lile la Asia, na ardhi imejikunja na kuinuka kama mkeka unaosukumwa ukutani. Hiyo ndiyo milima ya Himalaya.

Pili, hupitana ubavu kwa ubavu na kusuguana. Ndivyo ilivyo kusini ya Uturuki.

Tatu, huachana, na hapo ardhi hunyooka, hupasuka na kushuka. Hilo ndilo Bonde la Ufa, nasi tunakaa ndani yake na kando yake.

Kwetu Afrika Mashariki

Bonde letu lina mikono miwili. Mkono wa mashariki unapita Kenya na kushuka hadi maziwa ya Natron na Manyara. Mkono wa magharibi una maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, maana ardhi ya pale imedidimia sana.

Ganda linaponyooka huwa jembamba, na uzito unaoyagandamiza mawe ya chini hupungua. Ndipo baadhi ya mawe hayo ya moto huyeyuka na kupanda katika nyufa. Yakitoka nje, tunapata volkano. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ulijengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ulilipuka mwaka 2007. Nyiragongo ulitoa mto wa moto ulioingia mjini Goma mwezi Januari 2002, na mwezi Mei 2021 ukatoa tena.

Lakini si kila mlima ni volkano. Ruwenzori, wenye mita 5,109, ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa juu huku bonde la kando yake likishuka.

Na tetemeko je? Tukikunja ufito, kwanza hupinda kimya. Tukizidi, huvunjika ghafula na mkono husikia mshtuko. Vivyo hivyo mawe ya pande mbili za ufa hushikana kwa miaka mingi huku yakisukumwa. Siku moja huachia kwa nguvu, na nchi hutikisika.

Tuyapime maneno yetu

Tarehe 6 Februari 2023 nchi ilitetemeka Uturuki na Shamu, na watu zaidi ya 50,000 walikufa. Mji mmoja ulioharibika sana ni Antakya, ndio Antiokia ya Matendo ya Mitume, mahali ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Je, tutasema watu wa Antiokia walikuwa wabaya kuliko sisi? Bwana wetu aliambiwa jambo la namna hiyo, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, akawaita wasikilizaji wake watubu wao wenyewe. Basi tusimwongezee aliyefiwa mzigo wa lawama.

Neno la pili nalo si kweli, kwamba hatuna la kufanya. Mara nyingi anayeua si ardhi, ni ukuta. Hatuwezi kuzuia mabamba, lakini twaweza kujenga msingi imara, kuuzungushia ukuta mkanda wa zege wenye nondo, na kutounga tofali kwa udongo mtupu. Jengo la kanisa likiwa na nyufa, wazee wa kanisa wamwite fundi anayejua kazi, wasisubiri. Nchi ikitikisika tukiwa ndani, tuinamie chini ya meza imara tuishike. Tukiwa nje, tukae mbali na kuta. Kufanya hivyo si kukosa imani, bali ni kumpenda jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kilimanjaro na Ruwenzori zinatofautianaje kwa asili yake?
2. Someni Luka 13:1-5. Tumwambie nini aliyepoteza nyumba au mtoto katika tetemeko?
3. Ni jengo gani katika mtaa wetu linalohitaji kutazamwa kabla ya yote?