Kadi ya Chama Mfukoni: Mafunzo Niliyopata Katika Uigizaji Mwanza

Mwaka niliojiunga na chama cha waigizaji tulikuwa tunashuti sini ya wavuvi ufukweni Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni. Sini yenyewe ilikuwa rahisi: watu wanane mtumbwini, mmoja anagundua mwenzake kamwibia nyavu, wanagombana, mtumbwi unayumba. Dairekta alitaka uyumbe kweli. Tukahesabu majaketi ya kuokolea maisha: mawili. Mwanza si mji wa kumwambia mtu kwamba maji hayana neno. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na mpaka leo ukikaa kijiweni hukosi mtu aliyepoteza ndugu mle. Nikasema sipandi. Prodyuza akanionyesha vijana waliokaa juu ya mawe wakitutazama, akasema hao wanatafuta kuuza sura tu, hata bure.

Alisema kweli. Nikapanda.

Wiki iliyofuata nikalipa kiingilio katika chama kimoja hapa mjini, shilingi 10,000, na mchango wa 2,000 kila mwezi. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

1. Ukikataa peke yako, wewe ni mkorofi

Mwaka uliofuata sini ya majini ilirudi, prodyuza mwingine, mtumbwi mwingine. Safari hii mimi sikusema kitu. Katibu wetu, dada mmoja mpole anayeuza dagaa siku zisizo na kazi ya kuigiza, alimpigia simu jioni akauliza tu: "Samahani kaka, kesho majaketi yapo mangapi?" Asubuhi yalikuwa manane, ya kukodi, mengine yananuka sangara. Hakuna aliyegombana wala jina la mtu halikutajwa. Katibu hakuwa na sini ya kupoteza kwenye filamu ile, ndiyo maana aliweza kuuliza. Sijaona faida nyingine ya chama inayoipita hiyo.

2. Ada ni hela ndogo; kinachouma ni kazi unazoziacha

Tuliwahi kukubaliana kima cha chini cha malipo kwa siku. Tulikuwa kama thelathini, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Kima kilidumu mwezi na nusu. Prodyuza mmoja alikwenda Buzuruga akakusanya wasio wanachama, akawapa nauli ya bodaboda na wali maharage, filamu ikatoka. Nilipoitazama niliwaona wawili wetu mle ndani, wamevaa kofia wakidhani hatutawajua. Mimi niliyeshika msimamo nilikaa miezi minne bila sini hata moja, nikawa napaka rangi nyumba za watu Nyakato.

Wenzetu wa Marekani, chama cha SAG-AFTRA, waligoma siku 118 mwaka 2023, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba. Chama kile kinamkataza mwanachama kumfanyia kazi mwajiri ambaye hajatia saini mkataba wake, na kinaweza, kwa sababu upande wa pili wa meza wamekaa wenye studio kubwa, nao wakiwa na umoja wao. Hapa umgomee nani? Prodyuza wetu mara nyingi ni mtu mwenye kamera ya kukodi, na lokesheni ni sebule ya shemeji yake. Ukimgomea, anaahirisha filamu anarudi kwenye duka lake la spea, na maisha yake yanaendelea.

Basi nikabadili mawazo. Masharti ya usalama na tarehe ya malipo nayashikilia hadi leo. Kanuni ya kumkataza mwenzangu kazi ya bei ndogo nimeiacha, kwa sababu hapa Mwanza inamwumiza asiye na duka wala mume wa kumlisha. Wapo wenzangu wanaosema nimewasaliti, na mmoja hajaitikia salamu yangu tangu nilipolisema hilo mkutanoni.

3. Omba kuona mizani

Babu yangu alilima pamba Magu. Wakulima wa kanda hii walianza kuungana kwa sababu ya mizani: waliona wanunuzi wanawapunja, wakaweka watu wao wa kuangalia upimaji. Kutokana na harakati hizo ukaja ushirika mkubwa wa Victoria Federation mwaka 1955, chini ya Paul Bomani. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika, na viliporudishwa kwa sheria ya 1982 babu hakuwa na hamu tena. Alichoka kupewa karatasi badala ya hela, akawa anamwuzia yeyote atakayelipa mkononi.

Nilimkumbuka siku nilipomwuliza mweka hazina wetu tumekusanya kiasi gani mwaka ule, akanijibu kwamba daftari limelowa mvua. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimepaka rangi kuta za watu ili nisikose mchango wa mwezi. Sasa michango inaingia kwa simu, na taarifa inabandikwa kwenye kundi la WhatsApp kila tarehe 5. Ilitugharimu mikutano mitatu na matusi kiasi.

4. Dar ni mbali

Shirikisho la Filamu Tanzania, TAFF, ndilo linalounganisha vyama vya fani mbalimbali za filamu, na makao yake yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka stendi ya Nyegezi. Nauli ya kwenda na kurudi inameza michango yangu ya miaka mitatu na zaidi. Lakini lawama za "watu wa Dar" nimezichoka. Hatujawahi hata kuwaandikia barua.

5. Chama cha waigizaji si lazima kiwe chama cha wafanyakazi

Hili nimelijua kwa kuchelewa. Mke wangu ni mwalimu. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake inakatwa kwenda chama cha walimu kabla hajaishika. Nilidhani mimi na yeye tuko kundi moja. Kumbe kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, chama cha wafanyakazi huanzishwa na waajiriwa wasiopungua 20, na kikisajiliwa kikawa na wanachama walio wengi mahali pa kazi, mwajiri anapaswa kukitambua na kukaa nacho mezani. Chetu ni umoja wa watu wanaojiita wasanii huru. Prodyuza akiipuuza barua yetu, hajavunja sheria yoyote ya kazi.

Ila huo uhuru wetu nao una mpaka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama anatimiza hata sharti moja kati ya kadhaa: saa zake za kazi zinapangwa na anayempa kazi, au anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Pigeni hesabu. Kwenye tamthilia, siku tano za kushuti zenye saa kumi kumi tayari ni saa 50.

Mimi nilikuwa nadai malipo ya miezi miwili ya tamthilia iliyokufa katikati. Nilipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikaambiwa madai ya aina ile yana siku 60, na zangu zilikuwa zimepita nikiwa bado napokea ahadi kwa simu. Hata ningewahi, sikuwa na karatasi yoyote inayoonyesha nilifanya kazi saa ngapi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, jiunge na chama, lakini siku hiyohiyo nunua na kaunta buku. Andika tarehe, aliyekuita, saa uliyofika lokesheni na saa uliyoondoka. Langu limefika ukurasa wa 41, na michango yangu imelipwa hadi Juni.