Rili Hufia Nyumbani: Vidokezo kwa Mvuvi wa Ufukweni

Anayevua kwa fimbo akiwa amesimama ufukweni huitesa rili yake kuliko aliyeko kwenye boti. Wa boti hupata marasharasha. Wewe unapata povu, mchanga, na kusi likichafuka unapata wimbi zima la kifua. Hata hivyo si huko rili inakofia. Rili hufia nyumbani, ikiwa imeegeshwa nyuma ya mlango, mwenyewe ameshakula changu wake na amelala fofofo.

Vidokezo hivi vinahusu rili zilizozoeleka ufukweni, zile ambazo spuli imetulia na upinde wa waya ndio unaozunguka kuukunja mshipi. Iwe umeinunua kwa bei ya simu janja au umeipata mtumbani, matunzo ni yaleyale.

1. Mjue adui kwanza

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki palepale, na haikai bure. Ndani yake mna magnesiamu kloridi, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani hata hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Chumvi ya kawaida ya jikoni nayo huanza kuloa unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Mombasa, Tanga au Unguja hukifikia bila taabu. Kwa hiyo rili uliyoiacha bila kuosha haijakauka, hata ukiigusa ukaiona kavu. Usiku kucha imevaa utando mwembamba wa maji ya chumvi.

Kwenye utando huo, metali mbili zisizofanana zikigusana, moja huliwa. Skrubu ya stenlesi ikiwa imekazwa kwenye bodi ya alumini, inayoliwa ni alumini. Ukiona unga mweupe unazunguka kichwa cha skrubu, ujue kazi imeshaanza. Na hilo neno stenlesi lisikuleweshe: beringi nyingi za stenlesi hutengenezwa kwa chuma kigumu ambacho kwenye chumvi hushika kutu, ila huchelewa kidogo.

2. Osha siku hiyohiyo

Si kesho asubuhi. Siku hiyohiyo, hata kama umerudi saa sita za usiku na mikono inanuka chambo.

Kaza breki kwanza, ile nati kubwa iliyo juu ya spuli, mpaka iume, ili maji yasipenye kwenye wosha zake. Simamisha fimbo wima, fungulia mfereji kidogo tu, maji yateremke taratibu kutoka juu ya spuli hadi kwenye mguu wa rili. Usizungushe mkono wa rili wakati maji yanapita, maana hapo unayakaribisha ndani. Usitumie mpira wa kuoshea magari wala kubana bomba kwa kidole ili maji yaruke kwa nguvu: badala ya kuitoa chumvi utaisukuma kwenye beringi. Maji ya moto pia hapana, huyeyusha grisi.

Maji yakishapita, itikise, ifute kwa fulana kuukuu, kisha legeza breki kabisa. Breki ikiachwa imekazwa wiki nzima, wosha hubanana, na siku kolekole atakapokimbilia mwambani mshipi utatoka kwa kushtukashtuka, kisha utakatika. Iache rili ikauke ndani ya nyumba. Baraza inayotazama bahari si mahali pa kukaushia: upepo wa huko umebeba chumvi ileile uliyotoka kuiosha.

3. Yaonje maji yenyewe

Hili wavuvi wengi hulipuuza. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, hasa vilivyo karibu na bahari. Kuosha rili kwa maji hayo ni kupunguza chumvi, si kuiondoa. Tia tone ulimini. Ukisikia chumvi, tafuta ya mfereji yaliyo matamu au kinga ya mvua, na masika madumu yajae mapema. Hayahitajiki mengi. Chupa ya kupulizia, kama ile ya vinyozi, ikiwa na nusu lita ya maji matamu, inatosha kwa rili moja ukiwa na subira.

4. Usiitumbukize ndooni

Rili iliyoshinda juani ina joto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukiizamisha kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia upenyo wowote itakaoupata. Mtu anadhani anaiosha kumbe anainywesha.

5. Spuli itoe, na mshipi usiusahau

Mshipi wa kusukwa hunyonya maji ya bahari na kuyapeleka hadi chini kabisa ya spuli, mahali ambapo macho hayafiki. Ndiyo maana spuli ya alumini inaweza kung'aa kwa nje huku chini ya mshipi imetoboka vidoadoa. Itoe, imiminie maji matamu pande zote, ipigepige kwenye kiganja, iache usiku mzima mbali na bodi. Mshipi wa nailoni haunyonyi kiasi hicho, lakini nao hubeba chembe za chumvi zilizokauka.

Pale spuli ilipotoka pana mhimili wa chuma unaopanda na kushuka. Ufute kwa kitambaa, upake grisi kidogo sana. Basi.

6. Kirola kile kidogo ndicho cha kwanza kufa

Mwisho wa upinde wa waya pana kirola ambacho mshipi hupita juu yake ukikunjwa. Ni kidogo, lakini kila tone la bahari linaloingia na mshipi humwagika juu yake. Beringi yake ikishika kutu, kirola hukwama na mshipi huanza kusugua mahali pamoja. Baada ya muda unachora mfereji kwenye chuma, kisha mfereji huo unaanza kuunyoa mshipi. Mvuvi hulaumu mshipi, akanunua mwingine wa bei, nao ukanyolewa vilevile.

Jaribio lake ni rahisi. Tia nukta ya maka peni pembeni mwa kirola. Funga ncha ya mshipi kwenye kigingi, rudi nyuma hatua kadhaa, kunja polepole huku umeukaza, na itazame ile nukta. Ikizunguka, salama. Ikisimama, fungua skrubu yake moja, safisha, tia oili nyepesi tone moja. Ikikataa bado, badilisha beringi. Tone hilo litie kila baada ya safari mbili tatu, hata kama huna shida yoyote. Kama una nafasi ya kufuata kidokezo kimoja tu katika vyote hivi baada ya kuosha, fuata hiki.

7. Rili na mchanga zisionane

Tengeneza mahali pa kusimamishia fimbo: kipande cha bomba la plastiki la mafundi bomba, urefu wa mita moja hivi, ncha moja ukaikata mshazari ili izame mchangani. Hiyo ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote. Na ukizama magotini kwa wimbi, rili iinue kifuani.

Mchanga haufanani pwani nzima. Mchanga mweupe wa Watamu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na kombe zilizosagika, ni laini kuliko chuma, lakini hujaza kila upenyo. Karibu na Malindi, mto Sabaki unamwaga udongo na mchanga wa bara, na punje za mchanga wa namna hiyo zina ugumu wa kukwangua meno ya gia.

Rili ikianguka mchangani, usizungushe mkono hata nusu duara kujaribu kama ni nzima. Ipeperushie upepo wa mdomo, imiminie maji ya kunywa uliyobeba, ndipo uguse mkono. Huna maji matamu? Basi afadhali maji ya bahari kuliko mchanga, ila usiku wa siku hiyo kidokezo cha pili hakina msamaha.

8. Mafuta ya nazi yaache kichwani

Beringi hutaka oili nyepesi, gia hutaka grisi isiyoondoka kwa maji. Mafuta ya kupikia hunata na kuwa gundi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo asubuhi ya kusi rili itazunguka kwa uvivu na wewe hutajua sababu.

WD-40 ina mashabiki wengi pwani, na si bure: ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Kwa kazi hiyo ni hodari. Ipulizie kwenye kitambaa ufute nje ya rili. Usiipulizie ndani kama mbadala wa grisi, maana huiyeyusha grisi iliyokuwepo, nayo haina uzito wa kulinda gia.

Sehemu moja isiguswe na grisi kabisa: ile klachi inayouzuia mkono usirudi nyuma. Humo mna vijiti vidogo vya chuma ambavyo hufanya kazi kwa kujibana. Grisi nzito ikiingia, vinateleza, mkono unarudi nyuma kwa kishindo, na vidole vyako ndivyo vinavyolipa. Oili nyepesi, kiasi cha kulowanisha tu. Na wosha za breki usizipake chochote ambacho kitabu cha rili hakikukitaja.

9. Namba za IPX zisome vizuri

Siku hizi rili nzuri huandikwa namba ya kuzuia maji. IPX5 maana yake ni kwamba ilimwagiwa maji ya bomba kwa kiasi cha lita 12.5 kwa dakika yasiiletee madhara. IPX6 ni lita 100 kwa dakika. IPX7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Penn, kampuni iliyoanzia Philadelphia mwaka 1932, inaandika IPX5 kwenye Spinfisher VI na IPX6 kwenye Slammer IV. Rili za Van Staal zimezibwa kabisa, na hupendwa na wavuvi wa Montauk, New York, ambao huvaa nguo za mpira za kupigia mbizi na kwenda kusimama juu ya majabali yaliyozungukwa na mawimbi.

Namba hizo ni za kweli, lakini ni za maji matamu na za kifaa kipya. Hakuna mchanga katika jaribio hilo, wala mpira wa sili uliochakaa kwa misimu miwili. Na rili iliyozibwa ina kasoro yake: maji yakishaingia hayana pa kutokea. Inunue ukiweza, ila usiache kuosha.

10. Ukinunua, usihesabu beringi

Muuzaji atakuambia hii ina beringi 10, ile ina nne. Kwa mvuvi wa ufukweni, kila beringi ni mlango mmoja zaidi wa kutu. Nne nzuri zilizokingwa zinashinda kumi za mapambo. Tazama bodi: ya metali haipindi samaki mzito akivuta, ya plastiki hupinda na meno ya gia yakaanza kuumana vibaya. Uliza vipuri kabla ya kuuliza rangi.

Ya mtumba, iweke karibu na sikio uzungushe polepole. Mlio wa kukwaruza ni chumvi au mchanga. Kama ni kutikisika tu, huenda ni skrubu iliyolegea. Legeza breki, vuta mshipi kwa mkono: utoke kwa ulaini, bila kukwama. Kisha mwombe akufungulie mkono pale ulipoungwa. Ukigoma kufunguka, umeshika kutu, na huo ni mwanzo tu wa yaliyo ndani.

11. Rili si kapi

Samaki mkubwa huvutwa kwa fimbo: inua fimbo, mvute, kisha ishushe huku ukikunja. Anayekazana kuzungusha mkono dhidi ya uzito anasaga gia. Ukisharusha, funga upinde wa waya kwa mkono wako wa pili, usiulazimishe ujifunge kwa kuzungusha. Ndoano ikinasa mwambani, usivute kwa rili. Zungusha mshipi mara kadhaa kwenye kipande cha mti, rudi nyuma ukivuta mpaka ukatike. Usiuzungushe kiganjani: ule wa kusukwa hukata nyama.

12. Ifungue mara moja kwa mwaka

Kusi likiisha ni wakati mzuri. Unahitaji bisibisi inayolingana na skrubu, mafuta ya taa kidogo ya kusafishia grisi kuukuu, mswaki uliostaafu, na trei ya mayai. Kila kipande kinachotoka kinaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio, na kila hatua ipige picha kwa simu. Wakati wa kurudishia, utafuata trei kinyumenyume. Skrubu zipake grisi kidogo kwenye meno yake, zisije zikaungana na alumini. Kama huna moyo wa kazi hiyo, mpelekee fundi wa cherehani au saa mwenye mkono mtulivu, na picha zako mkononi.

13. Shemeji akija kuazima

Mpe, ni shemeji. Ila muulize anaivulia wapi na lini anarudisha, na siku hiyo uwepo nyumbani. Atakuambia ameiosha vizuri sana. Mshukuru, mkaribishe chai, na akishaondoka kaza breki, fungulia mfereji, uioshe wewe mwenyewe.