Dondoo muhimu: Siku ya matembezi katika Msitu wa Karura

Karura una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Jiji la Nairobi, kwa hiyo amua mapema unataka kuona nini. Maporomoko ya maji na mapango walimojificha wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau hayako mbali, na familia yenye watoto huyamaliza asubuhi moja bila kuharakishana.

Langoni hawapokei pesa taslimu. Hakikisha simu ina chaji na salio, kisha ipige picha ramani iliyopo hapo. Njia panda zina vibao vya namba; ukipotea, soma namba, usikate njia vichakani.

Maji ubebe kwenye chupa ya kutumia tena. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika misitu na mbuga zake, na sheria hiyo ni nzuri. Chakula kifunike vizuri: kima hunyakua, na ukiwalisha unawazoesha vibaya.

Machi hadi Mei udongo mwekundu huteleza sana. Vaa viatu vyenye meno, wala si raba laini.

Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa hapa wakipanda miti kuzuia ardhi hii isinyakuliwe. Waeleze watoto habari hiyo mkiwa njiani.

Lango hufungwa jioni. Anzeni kurudi kabla ya saa kumi na moja.