Dondoo Muhimu: Kukaanga Samaki kwa Mafuta Mengi
Katika Kisiwa cha Mafia, ambako minazi imestawi na nyumba kadhaa zingali zikiezekwa makuti, yampasa mpishi akaangaye changu mzima aweke jiko lake uwanjani, mbali na upenu, mahali ambapo upepo wa kusi hauwezi kupeleka cheche juu ya paa. Samaki na akaushwe kwa kitambaa hata asibaki na unyevu, kwani maji hugeuka mvuke kwa nyuzi 100, ilhali mafuta ya kukaangia hukaribia nyuzi 180, na tone moja latosha kuyarusha usoni. Karai lisijazwe kupita nusu. Watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, usimwage maji abadan, wala usilinyanyue karai: lifunike kwa sinia la bati, vuta kuni nje, kisha subiri hata yapoe kabisa.