Tope la Karura na Bwawa la Siloamu

Masika yakichanganya, udongo mwekundu wa Msitu wa Karura, hapa Nairobi, unakuwa tope la kunata kwelikweli. Kama kikundi chenu cha parokia kinapanga matembezi huko, nina ombi: mkikuta dimbwi katikati ya njia, piteni humo humo.

Tumezoea kukwepa pembeni, ati raba zisichafuke. Anayefuata anakwepa zaidi kidogo. Miche inakanyagwa, udongo unashindiliwa, maji hayapenyi tena, dimbwi linakua. Njia ya mtu mmoja inapanuka mpaka gari lingepita. Aristotle alifundisha kwamba fadhila na ubaya vyote hujengwa na matendo yanayorudiwa. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kuwa mwongo. Unakwepa swali moja la mama, kesho lingine, hadi ile njia ya pembeni inakuwa ndiyo barabara yenyewe.

Sasa fungua Yohane sura ya 9. Yesu anatema mate chini, anafanya tope, anampaka machoni mtu aliyezaliwa kipofu, kisha anamtuma akanawe katika bwawa la Siloamu. Si angemponya kwa neno tu, kama wengine? Mtakatifu Irenei, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliona hapa ule udongo wa Mwanzo sura ya 2: aliyemfinyanga Adamu ndiye anayemkamilisha kipofu huyu.

Mimi hunigusa zaidi ile safari. Alitembea mpaka bwawani akiwa bado haoni, tope usoni, mbele za watu. Na kupona hakukumletea raha. Alihojiwa mara mbili, akasema lile lile, akafukuzwa. Wazazi wake nao, kwa hofu, wakasema aulizwe yeye mwenyewe, ni mtu mzima. Wao ndio waliokwepa pembeni. (Tusiwacheke haraka, kutengwa na sinagogi hakukuwa jambo dogo.)

Karura yenyewe imebaki kwa sababu kuna waliokataa kukwepa. Miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa watu wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista, alikwenda na wenzake kupanda miti. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia, naye akajeruhiwa kichwani. Leo zaidi ya hekta 1,000 bado ni msitu. Papa Fransisko alipofika Nairobi mwaka 2015, alipanda mti hapo Gigiri, jirani kabisa.

Mkifika kwenye lile ziwa dogo la mayungiyungi, kaeni kimya kidogo, kisha someni sura yote, mistari 41, kwa kupokezana. Maneno ya wazazi asome mmoja peke yake, polepole. Halafu kila mtu ajiulize moyoni: ni swali gani ninalolizunguka mwezi huu, na nani analisubiri jibu? Msijibu kwa sauti. Raba mtafua nyumbani.