Safari Fupi za Gari na Unyevu Ndani ya Oili ya Injini

Watumiaji wengi hudhani kwamba gari linalotembea kilomita mbili au tatu tu kwa siku, kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, huchakaa polepole kuliko mengine. Kwa upande wa oili ya injini, dhana hiyo si sahihi.

Petroli inapoungua huzalisha maji. Lita moja ya petroli hutoa takribani lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutokea kwenye ekzosi, lakini kiasi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuifikia oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke huo huondoka. Injini ikizimwa kabla ya hapo, hugeuka matone na kubaki ndani. Ieleweke kwamba oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Geji inapofika mahali pake pa kawaida, oili huenda bado ni baridi. Wakazi wa Njombe na Makete, hasa mwezi Juni na Julai, huathirika zaidi. Kuliacha gari likinguruma uani hakusaidii sana, kwani injini isiyo na mzigo hupata moto taratibu.

Dalili yake ni utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu utando kama huo huonekana pia gasketi ya silinda hedi inapoungua. Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, tunashauri kijiti cha kupimia oili kichomolewe na kutazamwa. Iwapo oili ya kwenye kijiti ni safi, maji ya rejeta hayapungui na injini haichemki, yamkini ni unyevu tu. Futa utando, endesha gari barabara kuu kwa nusu saa au zaidi, kisha utazame tena. Lakini oili yote ikiwa nyeupe, gari lisiwashwe.

Vitabu vingi vya magari huhesabu safari fupi za mara kwa mara kuwa matumizi magumu, na huagiza oili ibadilishwe mapema, kwa kuhesabu miezi na si kilomita pekee. Fundi akisisitiza kufungua injini, mtumiaji amtake aandike sababu na makadirio ya gharama kabla kazi haijaanza.