SOMO: Samaki wa Luapula na Mweru – nani anafungua maji?

Ndugu viongozi, na ninyi familia mliohamishwa na vita, katika vikao vyetu maneno mawili hurudi mara kwa mara. Wenyeji wa kando ya ziwa husema: "Wageni wanatumalizia samaki." Waliokimbia hujibu: "Ziwa ni la Mungu, na watoto wetu wana njaa." Katika somo hili tunaangalia historia ya uvuvi wa mto Luapula na ziwa Mweru, ili tujadili jambo hilo bila kutupiana lawama.

1. Zamani: maji yalikuwa na wenyewe

Masimulizi ya wazee wa Luapula yanamtaja mama Nachituti. Kaka yake Nkuba, mkubwa wa wavuvi Bashila, alimwua mtoto wake. Nachituti aliomba msaada kwa Mwata Kazembe. Nkuba aliposhindwa, Nachituti alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Lakini ukoo wa Nkuba haukufukuzwa majini. Uliendelea kuheshimiwa kama wenye ziwa na kufanya matambiko yake. Mabwawa ya kando ya mto nayo yalikuwa na wakubwa wake waliotangaza siku ya kuanza kuvua.

2. Wakati wa migodi

Mwaka 1910 mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa. Wafanyakazi wa Union Minière walihitaji chakula. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki na kuwaleta mjini kwa malori, wakiwa katika barafu. Samaki aliyetafutwa sana ni mpumbu. Wakati wa mvua mpumbu hupanda mto kwa makundi ili kutaga mayai, na hapo ndipo alipotegewa nyavu, tumbo likiwa bado limejaa mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu walikuwa karibu kwisha. Soko likageukia samaki wengine wa ziwani, hasa pale, na nyavu za nailoni zikaenea. Baadaye ikaja zamu ya chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa.

Tuangalie vizuri: aliyemaliza mpumbu si mkimbizi. Soko lilinunua bila kikomo, na neno la wenye maji likapoteza nguvu mbele ya fedha.

3. Vita na njaa

Mwaka 2005 na 2006 mapigano katika pembetatu ya Mitwaba, Pweto na Manono yalihamisha maelfu ya watu, na baada ya hapo wengine wamekimbia tena. Aliyepoteza shamba hawezi kungoja mavuno. Kuvua kunampa chakula siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wengine hutumia chandarua cha mbu, ambacho huchukua hata watoto wa samaki.

Upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Lakini samaki hawajui mpaka. Ng'ambo moja ikifunga na nyingine ikivua, faida ni ndogo. Tena miezi hiyo ni ya njaa vijijini. Katazo lisilosema familia zitakula nini litavunjwa usiku.

4. Mambo ya kupatana

- Familia inayofika ijitambulishe kwa shefu wa kimila na kwa kamati ya wavuvi kabla ya kutia wavu majini.
- Wenyeji waonyeshe mahali pa kuvua, mahali pa mazalio, na nyavu zinazokubaliwa.
- Wageni wapewe shamba la mihogo au kazi ya kukausha na kuuza, ili miezi ya kufunga ipite.
- Akina mama wanaouza samaki wawe ndani ya kamati. Wakikataa kununua samaki wachanga, nyavu mbaya zitapungua.
- Anayevunja mapatano, mwenyeji au mgeni, ahukumiwe sawa.

Maswali ya kujadili

1. Kwetu, nani alifungua maji zamani? Nani anasikilizwa leo?
2. Ni nani anayenunua samaki wachanga?
3. Tukifunga maji miezi mitatu, nani atalala njaa, na tutamsaidia namna gani?

Tunawaomba mjadili swali la tatu kwanza. Pasipo jibu lake, mapatano mengine hayatadumu.